Meneja Ana Mwenyewe

Jirani yetu Bi Manyoya anasema mbwa walikuwa kumi, na aliyewaongoza alikuwa mkubwa kama ndama. Anasema alitoka alfajiri kumwaga taka, wakamzunguka. Akajitetea kwa ndoo. Yule ndama akamng'ata mguuni. Tena anaapa kwamba ndama huyo alikuwa amevaa nyoka wa buluu shingoni.

Bi Manyoya huchinja na kuuza kuku, ndiyo maana tunamwita hivyo. Habari yake lazima uipunguze nusu. Lakini jeraha lilikuwa jeraha. Alikaa kwenye ngazi yetu, mguu umefungwa kitambaa, unanuka mafuta ya taa.

"Pole, shoga yangu," mama mkwe wangu alimwambia. "Hawa mbwa wa kuzurura wamezidi. Halmashauri ije iwamalize wote."

Mimi nilikwenda uani. Mbwa wetu alikuwa amelala karibu na beseni la kufulia. Tunamwita Meneja, kwa sababu kazi yake ni kutazama wengine wakifanya kazi. Miguu yake ilikuwa na tope. Shingoni kilining'inia kipande cha kamba ya buluu.

Mama mkwe alinifuata.

"Mama," nilisema taratibu, "jana jioni nilimfunga Meneja kwa kamba hii. Nani alimfungua?"

"Mimi. Niliikata. Mbwa akifungwa usiku atajitafutia chakula saa ngapi?"

"Basi nyoka wa buluu ndiye huyu."

Mama alitazama mlango. "Shusha sauti, mwanangu. Unataka kutuchongea? Hakuna aliyemwona."

"Bi Manyoya alimwona."

"Bi Manyoya aliona ndama."

Nilitaka kucheka. Nikaukumbuka ule mguu, kicheko kikaisha.

"Mama, kama mbwa wetu ana kichaa cha mbwa, jirani yetu atakufa."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anaondoka kwenda kazini. Nilimwomba apitie kwanza ofisi ya halmashauri. Haukupita muda mrefu, daktari wa mifugo akaja. Alikuwa mwanamke mwenye viatu vya mpira na fimbo ndefu yenye kitanzi cha kukamatia mbwa. Kabla ya kuuliza habari za mbwa, aliufungua ule mguu.

"Nani kakwambia upake mafuta ya taa, dada?"

"Nimejiambia mwenyewe."

"Usijiambie tena. Lete maji na sabuni."

Nilimimina maji, yeye akaosha. Aliosha robo saa nzima, mpaka Bi Manyoya akauliza kama anafuliwa.

"Kufuliwa ni afadhali kuliko kuzikwa," daktari alisema. "Sasa uende hospitali, leo hii, ukachomwe sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakina dawa. Na huyo mbwa, ana mwenyewe?"

Mama mkwe alishika pindo la kanga yake.

"Nauliza kwa sababu," daktari aliendelea, "mbwa mwenye kwao tunamfungia na kumtazama siku kumi. Asipougua, roho zinatulia. Asiyejulikana hutokomea, nasi tunabaki gizani."

"Ni wetu," nilisema.

Bi Manyoya aligeuka. "Meneja? Yule mvivu?"

Mama mkwe ndiye aliyeongea baadaye, kwa sauti ndogo. "Mtamuua?"

"Hapana, mama. Anayezurura tunamkamata, tunamweka bandani, tunamngoja mwenyewe. Asiyeuliziwa, hali yake ni mbaya. Lakini hata tukiwaondoa wote leo, taka zikibaki, kesho watakuja wengine. Mbwa hufuata chakula. Mpe chakula nyumbani. Mfungie uani. Mpe chanjo kila mwaka. Mvishe mkanda wenye jina lenu. Na tumhasi, asije akajaza mtaa watoto wasio na kwao."

Bi Manyoya alikwenda hospitali siku ileile, na hakukosa sindano hata moja. Mume wangu aliziba pengo la ua kwa wavu wa chuma. Mama mkwe, aliyekata kamba, sasa ndiye anayepeleka sahani ya Meneja kila jioni. Siku kumi zilipita, Meneja akabaki mzima na mvivu vilevile. Alichanjwa, akahasiwa, akavishwa mkanda mwekundu.

Lakini alfajiri bado nasikia mbwa wakigombana nyuma ya ukuta wa Bi Manyoya. Anatupa matumbo ya kuku pale. Mwanzoni sikuweza kumwambia, maana mbwa wetu alikuwa miongoni mwao. Sasa wetu yuko ndani.

Leo nimebeba jembe, nimemkuta akinyonyoa kuku.

"Jirani," nimemwambia, "naomba tuchimbe shimo la hayo matumbo. Tuyafukie kila siku. Mimi nitaanza kuchimba."

Ameendelea kunyonyoa. Kuku amekwisha manyoya, bado vidole vinatafuta.

Nimeliegemeza jembe ukutani kwake. Nimesimama namngoja.