Miguu Minne Chini

Fundi cherehani alishonea sebuleni, na mbwa wake, Songombingo, aliwapokea wateja kwa njia yake: aliwarukia. Alikuwa na upendo mwingi na miguu michafu. Jumapili moja alimrukia muuguzi aliyekuja kuchukua sare yake mpya, nyeupe pe, na alikuwa ameivaa kuijaribu. Alama mbili za matope zikabaki kifuani.

Mume wa fundi, dereva wa lori, alichoka. Alisema Jumamosi mwenye ghala fulani atakuja kumchukua mbwa huyo, akafungwe mnyororo getini. Mkewe alilia waziwazi. Alikuwa amemlea Songombingo kwa chupa tangu hajafumbua macho.

Fundi akaenda kwa jirani, mwanamke anayefundisha mbwa wa ulinzi. Jirani akampa kidude cha kubonyeza, kinacholia "tik". Fundi hakungoja maelezo, akakimbia nyumbani. Mume akakishika akiwa kitini, akaanza kubonyeza: tik, shuka, tik, kaa. Mbwa akazidi kuruka. Haraka haraka haina baraka.

Jirani alipokuja kuona, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, hiyo si rimoti," alisema. "Mlio hauamrishi. Unamwambia: hapo hapo umefanya vizuri, nyama inakuja. Kwanza bonyeza, mpe kipande kidogo. Rudia mpaka auamini mlio. Kisha ngoja. Miguu yote minne ikiwa chini, bonyeza papo hapo, umpe. Akiruka, mgeuzie mgongo, unyamaze."

"Na fimbo?" dereva aliuliza.

"Fimbo itamfundisha kukuogopa. Kusalimia haitamfundisha."

Basi fundi akaanza, dakika tano tu, mara tatu kwa siku. Nami namvulia kofia mama huyu. Mkono uliozoea kuchoma sindano mahali pake haukuchelewa hata kidogo: mguu ukigusa sakafu, tik. Kufikia Alhamisi, mume naye alikuwa akiomba zamu yake.

Jumamosi mwenye ghala alibisha hodi, kamba mkononi. Songombingo alimkimbilia, akainua kifua. Fundi akafumba macho. Mbwa akasita, akashusha miguu yote minne, akasimama akitikisa mkia.

Tik.

Aliyebonyeza alikuwa mume. Alichuchumaa, akampa mbwa nyama. Kisha akamgeukia mgeni.

"Ndugu yangu, nisamehe kwa kukusumbua," alisema. "Huyu haondoki."