Mwenye Ukuta

Siku hiyo tanuri la mkate la Zarghuna liligoma kuwaka. Alipoinama kuchungulia aliona chini kumejaa maji, tena si maji safi, ni tope jekundu linalonuka kutu. Kisha sauti ikatoka humo humo, ya mwanamume aliyechoka.

"Mgongo unaniuma."

Alirudi nyuma. Ua wao uliegemea kitako cha ukuta wa bwawa la zamani, na bonde zima lilijua ukuta huo una jini wake. Mama yake, ambaye miguu ilishamkataa, hakula mkate kabla ya kutupa kipande cha kwanza mferejini. Alisema ni cha mwenye ukuta.

Kaka yake Sherbaz, mlinzi wa malango ya bwawa, alilitupia tope lile jicho moja tu.

"Kaka, mhandisi si alisema maji yapunguzwe mapema? Kwamba mvua za siku hizi si zile za babu?"

"Umesomea uhandisi kwenye tanuri, wewe? Nikiyafungulia, matufaha yangu yanywe nini? Hilo ni jini, dada. Nakuletea mulla alifukuze kwa dua."

Mulla alikuja adhuhuri, mvua ikimwagika, na misumari minne aliyoisomea. Mitatu aliigongomea kwenye pembe za ua, na kila nyundo iliposhuka ardhi iliguna, na harufu ya kutu ikapanda mpaka Zarghuna akaziba pua kwa shela, na ile sauti ikawa inanong'ona chini ya nyayo zake, usiniondoe, Zarghuna, waambie wasiniondoe.

"Mwacheni," mama alisema kitandani. "Amewakosea nini?"

"Piga, mulla," Sherbaz alisema.

Msumari wa mwisho ulizama pale penye kuvuja. Kukawa kimya. Sherbaz akaondoka haraka, hata chai hakungoja.

Zarghuna alivuka kwenda kwa wifi yake, mke wa Sherbaz, nyumba ya jirani, kumpa habari njema. Nyumba ilikuwa tupu. Vitanda havipo, kuku hawapo, na alama za mkokoteni zimeelekea mlimani, za tangu jana. Sherbaz alijua ukuta utapasuka! Amehamisha kuku, amemwacha mama aliyemzaa.

Alirudi mbio, akambeba mama mgongoni, akashika njia ya mlimani.

"Sherbaz yuko wapi?"

"Ametangulia, mama."

Hatua zenye maji zikaanza kutembea kando yao, ingawa njiani hapakuwa na mtu.

"Tundu lile nililiziba kwa mgongo wangu tangu babu zenu waliponilisha," ilisema sauti, taratibu. "Sasa hauumi tena."

Nyuma yao ukuta ukaanza kupasuka. Mama akachomoa kipande cha mkate shelani, akakitupa njiani.

"Nimeshiba, bibi," ikasema sauti.