Kibuyu cha Syokau

Jioni ile ya Oktoba 1984, mvua iliponukia baada ya ukame mrefu, kijiji kizima cha Kalamba kilitoka nje na masufuria. Kalunde peke yake aliomba mawingu yapite.

"Mama, imekuja!" Mbinya, bintiye, alirukaruka uani. "Leo hata mbuzi ataoga!"

"Kinga maji, acha domo."

Kalunde akaenda kumfungua mbuzi mpakani mwa shamba la jirani, marehemu Syokau.

Mwezi wa sita, bibi huyo mjane alimwachia Kalunde kibuyu cha mbegu za kunde, zimechanganywa na jivu zisiliwe na wadudu. "Ni za mvua, mwanangu. Hata nikilia njaa, usinipe."

Njaa ilipozidi, Kalunde aliwapikia watoto wake mbegu hizo. Kisha akatia changarawe kibuyuni.

Syokau alikuja siku moja, akakitikisa, akasikia cha... cha..., akatabasamu. Mwezi wa nane alikufa kwa njaa, akijua mbegu zake zipo.

Sasa matone yalipiga vumbi. Ikaja harufu ya jivu.

Cha... cha... cha...

Lakini kibuyu kile Kalunde alikuwa amekiacha nyumbani, mvunguni mwa kitanda chake.

Mtu aliinama shambani, amempa mgongo, akitoboa mashimo kwa kijiti. Mvua ilinyesha kila mahali. Leso yake ilikuwa kavu.

"Umechelewa, mwanangu," alinong'ona bila kugeuka. "Mimi nachimba, wewe tia."

"Mwaitu... mama... zile mbegu..."

"Tia."

Mara kibuyu kikawa mkononi mwa Kalunde.

Angeweza kusema. Neno moja tu: nilizipika. Badala yake aliinama, akatia changarawe moja kila shimo, akifukia kwa mguu kama mtu anayepanda kweli, mpaka kibuyu kikawa kitupu.

Alipoinua macho, yuko peke yake.

Siku ya tano kunde zilichipua shambani mwa Syokau, mstari kwa mstari. Majani yalipokuwa tayari, wanawake wa kanisa walimletea Kalunde fungu la kwanza. "Syokau alituambia ni wewe uliyemtunzia mbegu," walisema, wakamshika mkono. Hakuweza kuwatazama usoni.

Watoto walikula mpaka wakalamba sahani.

"Kula basi, Mama."

Alitia tonge moja mdomoni. Jino likagonga jiwe.

"Ni nini?" Mbinya aliuliza.

"Hakuna kitu. Kula."

Akalimeza lile jiwe.

Nje mvua ilianza tena, ile nzuri, ya taratibu. Na mvunguni mwa kitanda, ndani ya kibuyu alichokirudisha kitupu...

Cha... cha...