Akaunti ya Bella

Kila jioni baada ya shule, Raihana alikuwa akishona vifungo katika duka la mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Wateja walimsifu kwa adabu zake. Kazi ikipungua, mama alimwachia simu afanyie masomo.

Ndani ya simu hiyo Raihana alikuwa na akaunti ya siri. Humo alijiita Bella, akaweka picha ya msichana asiyemjua. Bella aliwadhihaki wanafunzi wa darasa lake, na kadiri watu walivyocheka ndivyo alivyozidi. Wiki ile alibandika picha ya sketi yenye kiraka ya Kaliza, mwanafunzi mwenzake, akaandika kwamba mwenye sketi ananuka kama panya aliyeoza.

Jumatano Kaliza alikuja dukani na sketi ileile, akaomba kiraka kifichwe. Hakuwa ameenda shule kwa siku mbili. Alimweleza Raihana kwamba alikuwa akioga mara nne kwa siku, akijisugua kwa sabuni ya kufulia na brashi ya viatu. Kisha akanyoosha mkono.

"Wewe hujawahi kunicheka," alisema. "Ninuse, uniambie ukweli."

Raihana alinusa sabuni tu. Lakini ngozi ilikuwa imechubuka, ikitoa majimaji. Akakimbilia nyuma ya duka akatapika. Kilichomtia kinyaa hakikuwa kile kidonda. Alikuwa ni yeye mwenyewe.

Aliporudi alisema, "Bella ni mimi."

Kaliza alimtazama kama uchafu aliokanyaga. Akaondoka, sketi akaiacha.

Mama alikuwa amesikia yote. Alimpa Raihana simu, akamwamuru asome kwa sauti kila alichoandika. Raihana alisoma huku akilia, na mama alikunja uso mpaka neno la mwisho. Kisha Raihana akawaandikia wanafunzi wote wa darasa lake, kwa jina na picha yake, kwamba Bella ni yeye na kwamba alisema uongo. Akaifuta akaunti.

Jioni hiyohiyo walipeleka sketi na dawa ya kidonda kwa kina Kaliza. Raihana aliomba radhi mbele ya wazazi. Kaliza alipokea sketi, akaingia ndani. Jumatatu alirudi shuleni, akakaa mbali naye.

"Atanisamehe lini?" Raihana aliuliza.

"Hilo ni lake," mama alijibu. "Lako ni kujua kwamba hapakuwa na Bella, mwanangu. Aliyeandika ni wewe. Adabu ya kuwaonyesha wateja wangu tu siitaki. Uwe nayo hata pale usipoonekana."