Karatasi Ndani ya Jalada

Kila jioni baada ya shule, Mwelu alifua soksi zake, akawasha jiko, kisha akaketi mlangoni na vitabu vyake kumsubiri mama. Waliishi wawili tu katika chumba kimoja mtaani Makongeni, Thika. Mama yake, Mbithe, alikuwa mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha nguo kule Ruiru. Kazi yake ilikuwa kutazama kila shati kabla ya kutiwa kwenye mfuko, na kukamata uzi uliochomoza au mshono ulioruka.

Jioni moja ya Septemba, Mbithe aliingia na kuketi kitandani bila hata kuvua viatu.

"Leo mashati matatu yamenipita," alisema. "Macho haya yamechoka. Msimamizi amenipa mpaka mwisho wa Oktoba niwe na miwani, la sivyo atanirudisha kwenye vibarua vya siku. Lakini usijali. Pesa za kodi zikiingia, nitanunua."

Mwelu aliinamia daftari lake. Yeye alijua kwamba pesa hizo hazingeingia.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imewapunguzia kodi watu wenye mishahara midogo ili wapumue kidogo, maana bei ya unga na mafuta ilikuwa haishikiki. Kiwanda kikachelewa kubadilisha hesabu, na kwa miezi mitano kikaendelea kuwakata wafanyakazi kama zamani. Baadaye kila mmoja alipewa karatasi iitwayo P9, inayoonyesha mshahara wake wa mwaka mzima na kodi aliyokatwa. Aliyejaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake na kodi aliyolipa, kwa karatasi hiyo angerudishiwa kilichozidi.

Siku ya mwisho ya kujaza ilikuwa mwisho wa Juni. Mbithe alikuwa kazini hata Jumamosi, kwa hiyo akamtuma Mwelu na P9 pamoja na shilingi mia mbili kwa Waruguru, mama mwenye saiba pale kona, ambako watu hufanyiwa mambo yao ya kompyuta. Mwelu alikwenda na rafiki yake Lynn. Walikuta foleni imefika barabarani, kwa maana sisi Wakenya hukumbuka ritani wiki ya mwisho.

"Wa nil wapite mbele!" Waruguru aliita. "Ile ya watu wasio na mapato. Dakika mbili, shilingi hamsini!"

"Si useme tu ni nil," Lynn alimnong'oneza Mwelu. "Ritani ni ritani. Halafu tunabaki na mia na hamsini."

Mwelu akasema nil. Wakala chipsi na soseji, wakacheka njia nzima. Ile P9 aliikunja akaificha ndani ya jalada la kaki la kitabu chake cha Sayansi. Mama alipouliza, alijibu, "Imeshajazwa." Tangu siku hiyo hakupenda kukishika kitabu hicho.

Juma moja baada ya habari ya miwani, Mutheu, aliyefanya kazi pamoja na Mbithe, aliwapitia akiwa na furaha tele.

"Mama Mwelu, zangu zimeingia leo! Elfu sita! Zako je?"

"Bado," Mbithe alijibu. Mgeni alipoondoka, alisimama ghafla. "Kesho siendi kazini. Nitashinda kwenye ofisi ya kodi mpaka wanieleze pesa zangu ziko wapi. Wamezila hao!"

Siku ya kukosa kazi hukatwa kwenye mshahara, na watu wa ofisi hiyo hawakuwa na kosa lolote. Mwelu akakichukua kitabu cha Sayansi, akachana jalada, akaiweka karatasi mapajani mwa mama yake.

"Hawajazila, Mama. Ni mimi." Akaeleza yote, hata zile chipsi.

Mbithe aliisogeza karatasi karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Hakuweza kuisoma. Jambo hilo lilimuuma Mwelu kuliko kofi.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa. Lakini kesho ungeenda kugombana na watu bure."

Mbithe aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Waruguru alikuwa bado hajafunga. "Haiya!" alishangaa. "Kumbe mama ana kazi? Na mimi pia nilipaswa kuuliza. Lakini msijali, ritani hurekebishwa. Lete hiyo P9. Ni mia mbili."

"Nitalipa mimi," Mwelu alisema. "Nitakufagilia hapa Jumamosi."

Waruguru alimtazama Mbithe, naye akaitikia kwa kichwa. "Jumamosi nne, basi. Na uanze chini ya meza zile," Waruguru alisema.

Pesa ziliingia wiki ya tatu ya Oktoba. Mbithe alinunua miwani mjini Thika siku iyo hiyo. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokisoma ni ile P9, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole.

"Mwanangu," alisema, "unajua uliiambia nini serikali siku ile? Uliiambia kwamba mama yako hana kazi. Miaka yote hii naamka saa kumi, na wewe ukasema sipati kitu. Nafuu ilikuwa yetu. Ilikuja hadi mlangoni, uongo wako ukaiambia hatuishi hapa."

Machozi yalimlengalenga Mwelu. "Sitarudia, Mama."

"Ukitaka chipsi, niombe. Nikiwa na pesa nitakupa, nikikosa nitakuambia sina. Tuambiane ukweli, hata ukiwa mchungu, ndipo tutaweza kusaidiana." Akairekebisha miwani yake puani. "Sasa lete kitabu cha Sayansi. Siku nyingi sijaona unachoandika."

Mwelu alisita kidogo. Kisha akakifungua yeye mwenyewe kwenye ukurasa aliopata alama nne kati ya kumi, akampa mama.