Mkono Uliovaa Kifaa

Kila asubuhi kabla ya kushika kazi nyingine, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya domo lake. Akianza kuongea, hata cherehani haikusikika.

Jumamosi moja mama alikuwa amevaa mkononi kifaa cha zahanati, mkanda mweusi wenye taa ndogo ya kijani. Nesi aliyempa alikuwa ameeleza kwamba taa ile humulika ngozi na kupima jinsi damu inavyopita, ili ijulikane kama mishipa bado ni laini au imeanza kukakamaa. Hakuna sindano wala maumivu. Sharti lilikuwa moja tu: asikivue mpaka jioni.

Lakini mama alikuwa na sare za shule za kumaliza, na mkanda ulikuwa ukinasa kwenye vitambaa. Ilipofika saa mbili asubuhi, uvumilivu ulimwisha.

"Chukua, vaa wewe," alimwambia Chiriku. "Kisikae bure."

Chiriku hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alishinda nacho kutwa nzima, akiwaringia wenzake.

Jumatatu, baada ya masomo, walikwenda zahanati pamoja.

"Ulikivaa muda wote?" nesi aliuliza huku akitazama kompyuta.

"Sikukivua hata dakika moja," mama alijibu bila kupepesa macho.

"Basi hongera! Mishipa yako ni laini kama ya binti mdogo."

Mama alipiga makofi kwa furaha. "Unaona? Kila siku mnanihangaisha na vidonge vya presha. Leo navitupa jalalani!"

Chiriku alimtazama mama, kisha nesi. Akisema, angemwaibisha mama yake mzazi. Asiposema, mama angeacha dawa. Yeye asiyenyamaza hata akila, leo ulimi ulikuwa mzito.

"Nesi," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo ni mishipa yangu."

Mama alimkata jicho kali. Nesi hakugomba. Alimfunga mama mkanda ule yeye mwenyewe, akamwambia atulie. Baada ya dakika kumi alisoma majibu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mishipa yako imekakamaa kama ya mtu wa miaka sabini. Na presha iko juu mno."

Mama alishikilia kiti kwa mikono miwili. "Sabini? Mimi? Mbona siumwi popote?"

"Ndiyo ubaya wake. Unaweza usiumwe mpaka siku ya kuanguka."

Chiriku aliangua kilio. Jioni hiyohiyo daktari alimwona mama, akambadilishia dawa, akamwamuru apunguze chumvi na atembee kila siku. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka, na nesi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo, wakiwa njiani kurudi nyumbani, mama alisimama.

"Mwanangu, siku ile pale zahanati nilitamani nikufinye," alisema. "Nimekufundisha kusema kweli tangu ulipoanza kuongea, halafu mimi nikaogopa aibu kuliko ugonjwa. Kifaa hakina kosa, mwenye kosa ni mimi. Siku nyingine nikidanganya kuhusu afya yangu, nitaje palepale, hata nikikukata jicho."

"Nitakutaja, Mama," alisema Chiriku, akamshika mkono.