Lebo za Karakana ya Malkia

Kila asubuhi Kasuku alifagia karakana. Mke wake aliwasha taa ya mezani na kuvaa aproni yake ya ngozi. Mke huyo alikuwa fundi viatu, tena si viatu vya kila mtu. Aliwashonea watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Soli ya upande mmoja aliinyanyua, ya pili aliiacha, na aliyeingia akichechemea alitoka akitembea sawa.

Kasuku alikata ngozi na kupokea wateja. Mdomo wake haukujua likizo, ndiyo maana mtaa ulimpa jina hilo. Jambo moja tu lilimshinda kusema: jinsi alivyompenda mke wake. Kwa hiyo alimwita "Fundi" basi.

Siku hizo wateja walikuwa wachache. Simu ikalia, Kasuku akaidaka.

"Habari, kaka. Nimeona tovuti yenu. Naomba mniandikie barua ya kumbembeleza mchumba wangu."

"Ndugu yangu, hapa tunashona viatu."

Simu ikakatwa.

"Nani huyo?" aliuliza mke.

"Kakosea namba." Wiki ile hakuwa wa kwanza kukosea.

Mke akaweka sindano chini. "Mume wangu, kile kiwanda cha viatu nilichoomba kazi kimenijibu. Wananitaka. Ni mbali, nitakuwa narudi mwisho wa mwezi tu. Wateja wasipopatikana, itabidi niende."

Kasuku aliinamia ngozi yake. Nani angemtania? Angekula na nani? Moyo ulimuuma kwelikweli.

Jioni alibisha hodi kwa jirani. Jirani huyo alikuwa fundi wa tovuti. Alifanyia kazi sebuleni, mtoto mapajani, akibofya kwa mkono mmoja.

"Karibu, shemeji. Leo umenyamaza, kuna msiba?"

"Uko njiani," alijibu Kasuku, akamweleza yote.

Jirani alifungua tovuti ya karakana. Juu ya namba ya simu iliandikwa hivi: "Malkia wangu huamka na jua. Mikono yake huinua walioinama. Njoo umwone, mlango wa buluu."

"Umeandika mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Dada ameisoma?"

"Mambo ya mtandao ananiachia mimi. Na wewe usimwambie."

Jirani alitabasamu. "Ni nzuri, imenigusa. Lakini neno 'kiatu' liko wapi? Mtu akitafuta kitu mtandaoni, kuna mashine inayomchagulia kurasa. Mashine hiyo haina moyo. Imeona malkia, imedhani ni mapenzi. Wanaotaka barua za mapenzi inawaleta kwako. Wanaotaka viatu inawapeleka kwingine."

"Basi niifute?" Sauti ya Kasuku ilikuwa ndogo.

"Usiifute. Hebu niambie, dada akipokea kiatu hufanya nini kabla ya kukiweka kwenye rafu?"

"Hukifungia kikaratasi. Jina la mwenyewe, kushoto au kulia, soli ipande kiasi gani."

"Kwani yeye hakioni hicho kiatu?"

"Anakiona. Ila hawezi kukisia ni cha nani."

"Na mashine vivyo hivyo. Kwanza tuandike chini ya maneno yako maelezo ya wazi, kwa ajili ya watu. Kisha nyuma ya ukurasa, asipoona msomaji, tuweke lebo kwa ajili ya mashine. Hii inasema aina ya biashara: karakana ya viatu. Hii inasema huduma. Hii ni anwani, hii simu, hii saa za kufungua. Kila taarifa na lebo yake, kwa mpangilio ambao mashine inaujua. Haitakisia tena."

"Weka na nyota tano. Anasifiwa sana."

"Kasifiwa na nani, wapi?"

"Na mimi, hapa."

Jirani alicheka mpaka mtoto akashtuka. "Shemeji, lebo isiseme kisicho kweli, wala kisichoonekana kwenye ukurasa. Mashine ikigundua, haitaziamini lebo zako tena. Njia ya mwongo ni fupi."

Alizipitisha lebo kwenye tovuti ya kuzipima. Kosa likaonekana: saa za kufungua ziliandikwa vibaya. Wakasahihisha.

"Sasa subira," alisema jirani. "Lebo hazikupi ahadi ya kuwa wa kwanza. Zinakusaidia ueleweke. Na saa za kazi zikibadilika, badilisha ukurasa na lebo pia."

Siku zikapita. Mke alianza kupanga nguo kwenye begi. Kila jioni Kasuku alizitoa, akisema zinahitaji pasi.

Kisha simu zikaanza kulia, na safari hii waliulizia viatu. Asubuhi moja mama mmoja aliingia na binti yake aliyechechemea.

"Nilitafuta viatu vya mguu mfupi, mkatokea ninyi, na saa za kufungua hapo hapo," alisema. "Wazazi wenzangu wa kliniki nao wanakuja." Akamtazama fundi. "Wewe ndiye Malkia?"

"Malkia gani?"

Mama alitoa simu, akaisoma tovuti kwa sauti tangu neno la kwanza. Kasuku akaanza kukata ngozi iliyokwisha kukatwa.

Mke alisikiliza hadi mwisho. Alimpima binti mguu, akafunga kikaratasi kwenye kiatu chake. Machozi yalimlengalenga mke.

"Fundi," Kasuku aliuliza polepole, "na kiwanda je?"

"Watafute mtu mwingine mtandaoni," alijibu Malkia. "Na nguo zangu zirudishe kabatini. Pasi yako itaziunguza."